Safu ya Mbele na Lawama za Mashabiki: Funzo la Ohio State

Katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, ni mambo machache yanayowagawanya mashabiki wa timu moja kama swali la kukimbia na mpira, kwa kuwa timu inaposhindwa kusonga mbele kwa mbio, wapo wanaomlaumu mkimbiaji, wapo wanaomlaumu kocha anayepanga mashambulizi, na wapo wanaowalaumu wachezaji watano wakubwa wa safu ya mbele, ambao majina yao ni nadra kutajwa na watangazaji isipokuwa pale mmoja wao anapokosea. Msimu wa 2024 wa timu ya Chuo Kikuu cha Ohio State, iliyoko katika jiji la Columbus, uliuweka mjadala huo wazi kuliko misimu mingi iliyotangulia, kwani timu iliyokimbia yadi 77 tu na kufungwa nyumbani na Michigan tarehe 30 Novemba 2024 ndiyo hiyo hiyo iliyokimbia yadi 214 na kutwaa ubingwa wa taifa tarehe 20 Januari 2025, ikiwa na wakimbiaji wale wale, kocha mkuu yule yule na safu iliyokuwa bado na majeruhi wale wale.

Mabadiliko makubwa kiasi hicho ndani ya wiki 7 yanadai maelezo, na maelezo hayo hayapatikani kwa kumtafuta mtu mmoja wa kubebeshwa mzigo wa lawama au taji la sifa. Yanapatikana kwa kuelewa safu ya mbele hufanya kazi gani, hutegemea nini, na kwa nini takwimu zinazonukuliwa zaidi na mashabiki mara nyingi hazisemi kile wanachodhani zinasema.

Yadi 10 na majaribio 4

Futiboli ya Marekani huchezwa na watu 11 kwa kila upande katika uwanja wenye urefu wa yadi 100, bila kuhesabu maeneo mawili ya mwisho ambako bao kubwa hupatikana. Yadi moja ni pungufu kidogo ya mita, yaani sentimita 91 na kitu. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea angalau yadi 10. Ikifaulu hupewa majaribio mengine 4, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kiongozi wa mashambulizi huitwa kwotabeki, naye hupokea mpira mwanzoni mwa kila jaribio, kisha, kwa mujibu wa mpango uliotolewa na makocha, huurusha kwa mwenzake aliye mbele, humkabidhi mkimbiaji aliye karibu naye, au hukimbia nao mwenyewe. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani huitwa tachidauni na huleta pointi 6, na kuupiga teke ukapita kati ya nguzo mbili huleta pointi 3.

Mbele ya kwotabeki husimama wakingaji watano, na hao ndio safu inayozungumziwa katika makala haya. Katikati yuko mkingaji wa kati, ambaye huupitisha mpira kati ya miguu yake kwenda kwa kwotabeki ili jaribio lianze. Kushoto na kulia kwake wako wakingaji wa ndani wawili. Na nje ya hao wako wakingaji wa nje wawili, ambao hukabiliana na walinzi wenye kasi kubwa zaidi wanaozunguka kutoka pembeni. Kanuni haziwaruhusu wakingaji hawa kupokea mpira uliorushwa mbele, na jezi zao huwa na namba kati ya 50 na 79 ili waamuzi wawatambue kwa urahisi. Wengi wao wana uzito unaofikia au kuzidi kilo 135, lakini uzito huo ni sehemu ndogo tu ya kazi yao, kwa sababu mlinzi anayesimama mbele yao ana uzito unaokaribia huo na anajua vema anachotafuta.

Zipo njia kuu mbili za kumfungulia mkimbiaji njia. Ya kwanza ni mfumo wa maeneo, ambamo wakingaji wote watano hupiga hatua upande mmoja kwa pamoja, kila mmoja akimzuia mlinzi yeyote anayeingia katika eneo lake, na mkimbiaji huwafuata kwa subira mpaka aone ufa, kisha hukata ghafla na kupenya. Ya pili ni mfumo wa mapengo, ambamo njia imeamuliwa kabla ya jaribio kuanza: wakingaji wa upande mmoja huwasukuma walinzi kuelekea ndani, na mkingaji wa upande wa pili hujichomoa katika nafasi yake, hukimbia nyuma ya wenzake na kumgonga mlinzi wa kwanza atakayemkuta katika pengo lililopangwa. Katika mifumo yote miwili, tendo lenye uzito zaidi ni lile la wakingaji wawili kumsukuma mlinzi mmoja kwa muda mfupi, kisha mmoja wao kumwachia mwenzake na kwenda kumzuia mlinzi wa safu ya pili. Akiondoka mapema, mlinzi wa kwanza hupenya. Akichelewa, mlinzi wa pili humfikia mkimbiaji kabla hajapata kasi. Uamuzi huo hufanywa katika muda usiofika sekunde mbili, bila maneno, kati ya watu wawili ambao lazima wawe wamerudia tendo hilo mazoezini mara nyingi mno wakiwa bega kwa bega.

Kuna pia hesabu ya idadi ya watu, na hii huwapita mashabiki wengi. Kwotabeki anapomkabidhi mkimbiaji mpira na kubaki akitazama, timu inayoshambulia hubaki na watu 9 wa kuwazuia walinzi 11, na hata ukiondoa mlinzi mmoja ambaye ni lazima mkimbiaji amshinde mwenyewe, bado mlinzi mmoja hubaki huru. Njia za kurekebisha upungufu huo ni mbili: kwotabeki awe tishio la kukimbia mwenyewe, ili mlinzi mmoja alazimike kumchunga, au wapokeaji wa mipira mirefu wawe hatari kiasi kwamba walinzi wa nyuma waogope kusogea mbele. Kwa hiyo mbio zinazokwama katikati ya uwanja huenda zimesababishwa na mpokeaji aliye pembeni ambaye hakuna aliyemwogopa, au na mpango ambao haukuwapa walinzi sababu ya kumwogopa.

Urithi wa Columbus

Ukali wa mjadala huu katika jiji la Columbus una mizizi yake katika historia. Woody Hayes, aliyekuwa kocha mkuu wa Ohio State kuanzia 1951 hadi 1978, aliijenga timu yake juu ya mbio fupi za katikati zinazorudiwa mpaka wapinzani wachoke, mtindo uliopewa sifa ya kusogea yadi tatu na kuacha wingu la vumbi. Chini yake Archie Griffin alitwaa tuzo ya Heisman, inayotolewa kila mwaka kwa mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, katika miaka ya 1974 na 1975, na hadi leo hakuna mchezaji mwingine aliyeitwaa mara mbili. Mwaka 1995 mkimbiaji Eddie George alitwaa tuzo hiyo hiyo akikimbia nyuma ya safu iliyokuwa na Orlando Pace, mkingaji wa nje wa kushoto ambaye mwaka uliofuata alishika nafasi ya nne katika kura za Heisman, heshima isiyo ya kawaida kabisa kwa mtu asiyebeba mpira, na ambaye mwaka 1997 alichaguliwa wa kwanza kati ya wachezaji wote walioingia ligi ya kulipwa.

Kutokana na urithi huo, mashabiki wanaojaza uwanja wa Ohio, unaochukua zaidi ya watu 100,000, hawaichukulii mbio kama mbinu moja miongoni mwa nyingi. Wanaichukulia kama kipimo cha ukakamavu wa timu, na timu isiyoweza kupata yadi moja inapoihitaji huonekana kuwa imeupoteza utambulisho wake, hata kama inaongoza kwa pointi 30.

Majeraha mawili ya 2024

Msimu wa 2024 ulianza kwa matumaini makubwa kuliko kawaida. Quinshon Judkins, mkimbiaji aliyetoka Ole Miss, alijiunga na TreVeyon Henderson ambaye tayari alikuwa Columbus, na kwotabeki Will Howard alitoka Kansas State. Kanuni za sasa huruhusu wachezaji kuhama chuo kwa urahisi na kulipwa kutokana na matumizi ya majina na sura zao, na mkurugenzi wa michezo wa chuo hicho alikiri hadharani kwamba malipo ya wachezaji wa timu hiyo yalifikia takriban dola milioni 20. Kiasi hicho kiliongeza ukali wa madai ya mashabiki, kwani timu iliyogharimu fedha nyingi namna hiyo haikutarajiwa kukosa yadi moja.

Pigo la kwanza lilitokea tarehe 12 Oktoba 2024 katika mchezo dhidi ya Oregon, ambao Ohio State ilipoteza kwa pointi 32 kwa 31. Josh Simmons, mkingaji wa nje wa kushoto, aliumia goti na msimu wake ukaishia hapo. Nafasi hiyo ndiyo inayolinda mgongo wa kwotabeki anayetumia mkono wa kulia, na mbadala wake wa kwanza alipata taabu. Wiki mbili baadaye Ohio State iliishinda Nebraska kwa pointi 21 kwa 17 tu, ikikimbia yadi 64 katika mchezo mzima, na hapo ndipo lawama zilipopamba moto.

Kocha mkuu Ryan Day na kocha wa safu Justin Frye wakachukua uamuzi mgumu: Donovan Jackson, aliyekuwa mkingaji wa ndani wa kushoto, alihamishiwa nje kwa ajili ya mchezo dhidi ya Penn State tarehe 2 Novemba 2024. Kwa mtazamaji wa kawaida, kuhama huko ni suala la hatua moja kwenda kushoto, lakini kwa mchezaji ni kazi nyingine kabisa. Mkingaji wa ndani hukutana na mpinzani wake mara tu mpira unapotoka, katika nafasi finyu, akiwa na mwenzake kila upande. Mkingaji wa nje hulazimika kurudi nyuma kwa mshazari, peke yake, akimkabili mtu mwepesi aliyeanza mbio kutoka mbali. Siku hiyo Jackson alikabiliana na Abdul Carter, ambaye miezi michache baadaye alichaguliwa wa tatu katika uteuzi wa ligi ya kulipwa.

Mwisho wa mchezo huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Ohio State ikiongoza kwa pointi 20 kwa 13, Penn State ilifika yadi 3 kutoka eneo la mwisho ikashindwa kupenya katika majaribio 4, na mpira ukarudi kwa Ohio State ikiwa karibu kabisa na mstari wake wenyewe, huku zikiwa zimebaki dakika 5 na sekunde chache. Kupoteza mpira mahali hapo kungewapa wapinzani pointi papo hapo, na kurusha mpira kungekuwa kujitia hatarini. Timu ikaamua kukimbia tu, jaribio baada ya jaribio, mpaka saa ikaisha bila Penn State kuugusa mpira tena. Safu iliyoshindwa kupata yadi 70 mbele ya Nebraska ilikuwa, siku 7 baadaye na ikiwa na mtu katika nafasi asiyoizoea, imefunga mchezo ugenini kwa nguvu za miguu na mabega.

Pigo la pili lilikuja wiki chache baadaye, mazoezini, pale Seth McLaughlin, mkingaji wa kati, alipoumia kano ya kisigino na kuukosa muda wote uliobaki wa msimu. Ubora wake ulikuwa wa kiwango ambacho, licha ya jeraha hilo, bado alitunukiwa tuzo ya Rimington ya mkingaji bora wa kati nchini kwa mwaka huo. Mkingaji wa kati ndiye anayewasoma walinzi kabla mpira haujatoka na kuwatangazia wenzake nani amkabili nani, kwa hiyo kumpoteza ni kupoteza pia sauti iliyounganisha safu nzima. Carson Hinzman, aliyekuwa ameshika nafasi ya ndani iliyoachwa na Jackson, alihamia katikati, na nafasi ya ndani ikahitaji mtu mwingine tena.

Siku ya Michigan na pande tatu za lawama

Safu hiyo iliyoungwaungwa ndiyo iliyoingia uwanjani kumkabili hasimu mkubwa kuliko wote. Michigan ilikuwa imekwisha kupoteza michezo kadhaa msimu huo na ilitarajiwa kushindwa kwa tofauti ya pointi zipatazo 20, lakini katikati ya safu yake ya ulinzi walisimama Mason Graham na Kenneth Grant, ambao wote wawili waliteuliwa katika raundi ya kwanza ya ligi ya kulipwa mwaka 2025. Ohio State ilikimbia mara 26 ikapata yadi 77, wastani wa chini ya yadi 3 kwa kila mbio, na Michigan ikashinda kwa pointi 13 kwa 10 kwa teke la dakika ya mwisho. Ilikuwa mara ya nne mfululizo kwa Ohio State kushindwa na Michigan, na sauti zilizotaka kibarua cha Day kiote nyasi zilisikika nchi nzima.

Mjadala uliofuata uligawanyika katika pande tatu, na kila upande ulikuwa na hoja ya kusikilizwa. Upande wa kwanza ulisema tatizo ni mpango: kwa nini timu yenye wapokeaji kama Jeremiah Smith na Emeka Egbuka iendelee kukimbia kuelekea mahali ambapo Graham na Grant wamesimama, badala ya kuwanyoosha walinzi kwa mipira ya pembeni na mirefu? Upande wa pili ulisema tatizo ni safu yenyewe, kwamba wakingaji wa ndani walikuwa wanasukumwa nyuma na kwamba hakuna mpango unaoweza kuziba upungufu wa nguvu. Upande wa tatu uliwageukia wakimbiaji, ukidai kwamba Judkins alikosa subira na kwamba Henderson, mwenye kasi zaidi, alistahili kupewa mpira mara nyingi zaidi.

Ukweli ni kwamba hoja ya kwanza na ya pili ni pande mbili za hoja moja. Safu iliyobadilishwa mara mbili ndani ya wiki 7 haikuwa na nafasi ya kuwashinda walinzi wawili bora wa katikati kwa mapambano ya ana kwa ana, na kwa sababu hiyo hasa mpango ulipaswa kuikwepa vita hiyo. Udhaifu wa safu haukuwa kisingizio cha mpango mbovu. Ulikuwa sababu ya kuhitaji mpango bora. Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, kwani mkimbiaji anayeguswa nyuma ya mstari wa kuanzia hana muda wa kuonesha subira wala kasi.

Takwimu zinavyopotosha

Sehemu kubwa ya mkanganyiko hutokana na namba zinazotumiwa. Katika futiboli ya vyuo, tofauti na ligi ya kulipwa, kwotabeki anapoangushwa akiwa bado anatafuta wa kumrushia mpira, yadi zilizopotea hukatwa katika jumla ya yadi za kukimbia, na tukio hilo huhesabiwa kama mbio. Chukua timu iliyokimbia mara 30 ikapata yadi 150: wastani wake ni yadi 5, ambao ni mzuri. Ikiwa kwotabeki wake aliangushwa mara 3 na kupoteza jumla ya yadi 24, kitabu cha takwimu kitaandika mbio 33 na yadi 126, na wastani utashuka hadi 3.8. Shabiki atahitimisha kwamba mbio zimekwama, ilhali kilichokwama ni ulinzi wa kwotabeki wakati wa kurusha.

Wastani wenyewe pia una udhaifu. Mkimbiaji aliyepata yadi 1, yadi 1, yadi 0, yadi 2 na yadi 56 katika mbio 5 ana wastani wa yadi 12, lakini katika mbio 4 kati ya hizo 5 aliiacha timu yake pabaya. Kwa hiyo wachambuzi wengi hupendelea kipimo cha mbio zilizofaulu, yaani zile zinazopata angalau nusu ya yadi zinazohitajika katika jaribio la kwanza, asilimia 70 katika la pili, na zote katika la tatu au la nne. Kipimo kingine kinachosaidia ni yadi alizopata mkimbiaji kabla ya kuguswa, ambazo kwa sehemu kubwa ni kazi ya wakingaji, zikitenganishwa na zile alizopata baada ya kuguswa, ambazo ni zake mwenyewe.

Utengano huo hauondoi thamani ya mkimbiaji, na msimu huo huo wa 2024 ulitoa ushahidi. Ashton Jeanty wa Boise State alikimbia yadi 2,601, akipungukiwa na yadi 27 tu kuifikia rekodi ya 2,628 aliyoiweka Barry Sanders wa Oklahoma State mwaka 1988, na sehemu kubwa ya yadi za Jeanty ilipatikana baada ya kuguswa na walinzi aliowaponyoka mikononi. Hata hivyo, tarehe 31 Desemba 2024 timu yake ilipokutana na Penn State, yenye safu ya ulinzi iliyoizidi nguvu safu ya Boise State, Jeanty alikimbia mara 30 akapata yadi 104 tu, na timu yake ikafungwa kwa pointi 31 kwa 14. Mkimbiaji bora anaweza kuongeza thamani ya njia aliyofunguliwa, lakini hawezi kujifungulia njia siku nzima. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kilichobadilika Januari

Licha ya kufungwa na Michigan, Ohio State iliingia katika mtoano wa kuwania ubingwa wa taifa, uliokuwa na timu 12 kwa mara ya kwanza katika historia, ikiwa na safu ileile iliyodharauliwa Novemba. Iliishinda Tennessee kwa pointi 42 kwa 17, Oregon kwa 41 kwa 21, na Texas kwa 28 kwa 14, kabla ya kuifunga Notre Dame kwa 34 kwa 23 katika fainali mjini Atlanta. Kilichobadilika ni mambo mawili. La kwanza ni muda: Jackson alikuwa amekwisha kuizoea nafasi ya nje, Hinzman alikuwa amecheza na kufanya mazoezi katikati kwa wiki kadhaa, na wakingaji walioungana kwa dharura walikuwa wameanza kuelewana bila kutazamana. La pili ni mpango: timu ilirusha mpira mapema na mbali, ikawalazimisha walinzi wa nyuma kubaki nyuma, na mbio zikapata nafasi. Katika mchezo dhidi ya Oregon, Henderson alikimbia yadi 66 hadi tachidauni kupitia uwazi ambao Novemba haukuwapo.

Fainali ilithibitisha somo hilo kwa pande zote mbili. Notre Dame ilianza kwa zamu ya majaribio 18 iliyochukua karibu dakika 10, ikimtegemea kwotabeki Riley Leonard kukimbia mwenyewe mara kwa mara, ikapata tachidauni. Lakini mzigo huo ulimchosha, na timu yake haikupata tena mbio za maana. Ohio State ilijibu kwa tachidauni katika zamu zake 4 za kwanza. Mwanzoni mwa kipindi cha pili Judkins, yuleyule aliyelaumiwa kwa kukosa subira, alipokea mpira, akapita nyuma ya wakingaji waliokwisha kuwageuza walinzi wao, akakimbia yadi 70. Alimaliza akiwa na yadi 100 katika mbio 11. Kwa msimu mzima yeye na Henderson walivuka yadi 1,000 kila mmoja, jambo ambalo hakuna shabiki aliyelitabiri jioni ya tarehe 30 Novemba. Miezi mitatu baada ya fainali, Jackson na Simmons, wakingaji wawili wa safu iliyosemwa kuwa haifai, waliteuliwa katika raundi ya kwanza ya ligi ya kulipwa.

Hayo yote hayamaanishi kwamba mashabiki walikosea kulalamika. Mbio za Ohio State zilikuwa na kasoro halisi Oktoba na Novemba, na si haki kumtaka mtu anayejua mchezo anyamaze kwa sababu tu timu yake imeshinda mwishoni. Kosa lilikuwa katika kutaka jibu la mtu mmoja kwa tatizo la watu watano, na katika kudai kwamba safu iliyovunjika mara mbili ipone ndani ya juma moja. Safu ya mbele hujengwa kwa kurudia, haijengwi kwa hotuba ya kocha wala kwa fedha peke yake, na dola milioni 20 hazikuweza kununua wiki 6 za mazoezi ya pamoja.

Shabiki anayetaka kuhukumu kwa haki, awe Columbus au popote mchezo huu unapooneshwa, anaweza kuanza na zoezi rahisi: katika majaribio machache ya kila robo ya mchezo, auache mpira na kuwatazama wakingaji watano kuanzia mpira unapotoka. Atazame ni nani anayesogea mbele na nani anayesukumwa nyuma, kama wakingaji wawili wanaachiana kwa wakati, na kama kuna mlinzi ambaye hakuna aliyepewa jukumu la kumzuia. Akiona mkingaji anasukumwa, ailaumu safu. Akiona mlinzi ameachwa huru tangu mwanzo, aulaumu mpango. Na akiona njia ipo wazi na mkimbiaji hakuiona, hapo ndipo amlaumu mkimbiaji, wala asimlaumu kabla ya hapo.